Kisiki kilichorudi kukaa kitako

Lile bonge la mizizi ya mwembe ulioangushwa na kimbunga lilirudi shimoni kwa mlio mmoja tu: puu! Vumbi halikutimka, maana ardhi ilikuwa bado imeshiba maji. Yaliruka matope, yakanipaka usoni na kifuani. Fundi wa chenso alibaki kaduwaa, mashine ikiendelea kunguruma mkononi mwake. Muda mfupi kabla ya hapo, muda usiotosha kumaliza dafu, mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa ndani ya shimo lile, kivulini mwa mizizi iliyoinuka, anakunywa dafu lake. Bibi yake ndiye aliyemwita aje achukue chai. Vilivyofukiwa humo ni ndala zake, jembe langu moja na hilo dafu.

Hakuna aliyesema neno. Mama alitoka jikoni na birika mkononi, akatazama kisiki kilichokaa wima mahali pake pa zamani kama vile hakijawahi kung'oka, kisha akamtazama mjukuu wake, miguu mitupu, kikombe mkononi. Akarudi ndani. Siku nzima hakunisemesha.

Nilikuwa na siku tatu tu tangu nifike Mafia. Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, mimi nikiwa Dar es Salaam, simu sikioni, mtandao unakuja na kukatika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutahadharisha siku kadhaa kabla, na usiku wa Jumamosi ileile ikatangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu baada ya kufika Mafia. Nilipompata mama hewani nikamweleza habari hiyo ili nimtulize. Akacheka kicheko kikavu. "Kweli, mwanangu. Nguvu zake zote kazipotezea hapa uani kwangu."

Vyombo vilipoanza tena kuvuka kutoka bandari ya Nyamisati, upande wa bara, nilishuka Kilindoni na begi la nguo, shoka jipya na ubishi wa kutosha. Uani nilikuta maiti wanne. Mwembe dodo uliopandwa kabla sijazaliwa ulikuwa umelala, kichwa chake kimebomoa jiko la nje, mizizi imesimama angani juu kuliko mimi. Minazi miwili ilikuwa imevunjika katikati, vigogo vimebaki wima urefu wa kama mita tatu. Na mvinje wa mpakani ulikuwa umekatikia chini kabisa, ukauacha uzio wa jirani umelala nao.

Kila mtu alikuwa akilaumu upepo. Upepo ndio uliosukuma, sikatai, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa na mvua. Kuanzia mwisho wa 2023 tulikuwa na mvua za El Niño, zikapokewa na masika, na ng'ambo ya pili Rufiji ilikuwa imefurika tangu Aprili. Ardhi yetu ni kichanga, na mti kwenye kichanga hushikiliwa na uzito wa mchanga unaoibana mizizi. Mchanga ukijaa maji unalegea, mizizi inateleza ndani yake kama kijiko ndani ya uji. Bibi yangu mzaa mama, ambaye kwao ni Lindi, alipenda kutusimulia kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, na kila alipofika kwenye minazi alisema jambo lilelile: iliyokuwa kwenye udongo mgumu ilivunjika, iliyokuwa kwenye udongo laini iling'oka. Tulidhani ni maneno ya kunogesha hadithi. Uani kwa mama nikayaona yote mawili, hatua ishirini baina yake.

Turudi kwa mwembe. Kosa langu lilikuwa la mtu wa mjini: nilidhani mti ukishalala umekwisha kufa. Mti uliong'oka na kulala na shina lake una kani ndani yake. Shina limelala upande huu kwa uzito wake, bonge la mizizi na udongo limeinuliwa upande wa pili, na mizizi ambayo haijakatika imepindwa kama upinde uliovutwa. Shina ndilo linalolizuia bonge lisirudi. Ukilitenganisha, bonge linafuata njia iliyo nyepesi kwake, nayo mara nyingi ni kurudi shimoni. Wakati mwingine linarudi polepole, wakati mwingine linajifunga kama mlango uliopigwa na upepo. Huwezi kujua kabla. Fundi alikata kwenye nusu mita kutoka kwenye mizizi kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia akate hapo, nikitaka kisiki kiwe kifupi, "kazi isiwe kubwa."

Jioni alikuja mzee mmoja jirani ambaye mtaa mzima tunamwita Nahodha. Amestaafu bahari, siku hizi anauza kamba na mishipi, lakini akitembea bado anaiweka miguu mbalimbali kama yuko juu ya jahazi. Mama alimtuma mtu amwite, bila ya kuniambia mimi.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, baba. Nasikia umemkalisha mwembe kitako."

Alizunguka kisiki mara mbili. Halafu akaenda kwenye magogo. Fundi alikuwa amekwisha kulikata shina lote vipande vya mita moja moja, vimepangwa vizuri kando ya ukuta, na mimi nilikuwa najivunia mpangilio ule. Nahodha aliweka kiganja juu ya kipande kinene kuliko vyote, akakaa kimya kama mtu aliye msibani. "Mwembe mzima huu," akasema, "ngalawa nzima, mmeufanya kuni."

Sikuwa na jibu. Ngalawa nyingi za pwani hii huchongwa kwenye gogo la mwembe, na shina lililonyooka la unene ule halipatikani kila mwaka. Ningeuliza mtu mmoja tu kabla ya kumlipa fundi, gogo lingeondoka uani lenyewe, kwa mikono ya wanaolihitaji, na mimi ningebaki na fedha badala ya kuni za mwaka mzima. Kabla ya kumwita mtu wa chenso, zungukeni kwanza kwa mafundi wa vyombo. Hilo nalisema kwa uchungu.

Kuhusu kisiki, Nahodha aliniambia sentensi ambayo nimeibeba mpaka leo: "Wewe unataka kung'oa mti. Mti mwepesi huo. Kizito ni udongo."

Usiku nilifanya hesabu, maana nilimdhania anatania. Bonge lile lilikuwa na upana wa zaidi ya mita mbili na nusu, na hata nikilihesabu kwa unyonge, mchanga uliobanwa baina ya mizizi haukupungua mita mbili za ujazo. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa inakaribia tani mbili. Kwa hiyo nilikuwa nimejipangia kuvuta tani nne, wakati mbao zenyewe, kisiki pamoja na mizizi yake minene, ni kilo mia kadhaa. Ningelikubali kuuondoa udongo kwanza, uzito mwingi ungekuwa umekwisha ondoka kabla sijafunga kamba.

Na kibaya zaidi, bonge lilipokuwa limesimama ubavu ndipo ilipokuwa rahisi kuliko wakati wowote kuuondoa. Udongo ulikuwa unaning'inia hewani. Ningeliacha shina refu, mita mbili au tatu, liwe uzito wa kulizuia, nikaweka magadi chini ya bonge kama yale wanayoegemezea mashua ufukweni, nikasimama ubavuni, si mbele wala nyuma, nikaupiga mchanga kwa mti mrefu na kuumwagia maji, ungedondoka wenyewe. Badala yake nilikuwa nimeurudisha wote shimoni na kuufukia upya.

Tukaanza upya kwa njia ngumu. Tulichimba mfereji kulizunguka shina, kwenye umbali wa kama mita moja na robo, mahali ambapo mizizi ya pembeni imekwisha kupungua unene. Ukichimba karibu zaidi unakutana na mizizi minene kama paja, ukichimba mbali zaidi unahamisha mchanga wa bure. Kichanga kina ubaya wake: ukuta wa shimo hauonyi. Mara mbili uliporomoka ukafunika magoti yangu, na baada ya mara ya pili Nahodha alikataza mtu kuingia hadi tuulaze ukuta mshazari, kama mteremko wa pwani. Shimo likawa kubwa mara mbili ya nilivyotaka. Sikubishana.

Shoka langu jipya lilipoteza makali siku ya kwanza. Nilikuwa naukata mzizi ukiwa bado umevaa mchanga, na mchanga ni tupa. Baada ya hapo tulikuwa tunauosha kila mzizi kwa ndoo ya maji na kuusugua kwa kipande cha gunia mpaka gome lionekane, ndipo tunakata. Na unakata mara mbili, mahali pawili, utoe kipande cha shubiri moja katikati. Ukikata mara moja tu, ncha mbili zinakaa zimegusana, na kisiki kikianza kutikisika zinabanana na kukuzuia kama vile hujakata kitu. Chenso usiishushe mchangani kabisa, ni mnyororo mpya kila nusu saa.

Jambo jingine ambalo nisingeligundua peke yangu: mizizi haikatwi yote. Nahodha alichagua kwanza upande wa kuvutia, mashariki, kulikokuwa na mnazi mzima wa jirani wa kufungia kamba, halafu akasema mizizi ya upande ule ibaki. "Hiyo bawaba," akasema. Tukakata ya magharibi yote, ya kusini na ya kaskazini, tukaacha miwili ya mashariki. Kisiki kikivutwa hakiburuzwi ardhini. Kinageuka juu ya bawaba yake, na ile miwili unaimalizia baadaye kikiwa kimelala.

Kisha akaleta vyombo vyake. Nilikuwa nafikiria mnyororo na gari, na gari la kukodi kwa kazi hiyo lilikuwa halipatikani, kila mtu ana mti wake. Nahodha alikuja na gunia lenye gofia mbili za mbao, kila moja ina magurudumu mawili ya kupitishia kamba, nyeusi kwa mafuta ya miaka, na jarari, kamba ileile wanayopandishia tanga. Asiyejua atashangaa kitu kidogo kama kile kina kazi gani na kisiki. Kamba ikipita mara nne baina ya gofia mbili, kila mvutaji anafanya kazi ya watu wanne, ukitoa kinachopotea kwa msuguano. Gharama yake ni kamba: unavuta mita nne ili kisiki kisogee moja. Foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, pamoja na tanga lake lililolowa, hupandishwa hivyohivyo na watu wachache tu.

Gofia moja tuliifunga kwenye mnazi, chini kabisa karibu na ardhi. Kwanza tulizungushia magunia matatu, kamba isije ikaula mti mzima tukajiongezea kisiki cha tano. Kamba ya pili haikufungwa kwenye shina. Ilifungwa kwenye mzizi mnene wa upande wa magharibi, upande wa mbali, ikapitishwa juu ya kichwa cha kisiki, ndipo ikaja kwenye gofia ya pili. Hapo ndipo nilipoelewa nilichojinyima kwa kukata shina fupi. Shina refu lenyewe ndilo wenzo, unalisukuma juu na chini kunang'oka. Nilipolikata nusu mita nilitupa wenzo, na ule ujanja wa kupitisha kamba juu ulikuwa wa kuutafuta tena kwa njia nyingine.

Kabla ya kuvuta, Nahodha alipita akachora mstari mchangani kwa kisigino. Watoto na kina mama nyuma ya nyumba. Wavutaji upande mmoja, hakuna kusimama ndani ya kona ya kamba wala kuiruka. Mimi nilikuwa nimenunua kamba ya nailoni, nene, ya bluu, nikaitoa kwa fahari. Akaivuta kidogo baina ya mikono, akanirudishia. Nailoni inavutika, inaweka kani ndani kama mpira, na siku ikikatika inarudi na kuchapa. Aliwahi kumwona mtu aliyevunjwa taya nayo bandarini. Ile ya bluu tukafungia mbuzi.

Tukamwaga maji mfereji mzima, tangu magharibi mpaka usiku. Pampu ndogo ya petroli ya jirani ilinyonya kisimani, na ncha ya mpira tukaielekeza chini ya kisiki, mchanga ukawa unatoka kama uji. Asubuhi tulivuta watu sita. Mvuto wa kwanza hakuna kilichotokea. Wa pili nikasikia chini kwa chini sauti kama ya mtu anayerarua kanga. Nahodha akasema tuache, tufunge kamba, tukanywe chai. Nilikasirika, nikaona tulikuwa karibu. Tuliporudi baada ya nusu saa kisiki kilikuwa kimeinama chenyewe upana wa kiganja. Kamba iliyokazwa ilikuwa imefanya kazi sisi tukinywa chai. Mvuto wa nne kikalala.

Mzizi mkuu ulikuwa umekwisha kukatika tangu siku ya kimbunga, ncha yake imechanika nyuzinyuzi. Kama usingekatika, nadhani tungekuwa pale mpaka Julai.

Gharama nyingine ya mwembe niliilipa kwa ngozi. Utomvu wake ni mkali, wengi wanaujua kwenye kikonyo cha embe, lakini kwenye mizizi na gome jipya nilikuwa siutilii maanani. Nilijifuta jasho kwa mikono yenye utomvu. Kesho yake jicho moja lilikuwa limefunga na shingo ina malengelenge. Vaa nguo ya mikono mirefu, na kitambaa cha kujifutia kikae mbali na kazi.

Minazi haikutusumbua, na hapo bahati ilikuwa yetu: ilivunjika juu, ikatuachia wenzo wa mita tatu bila ya sisi kuwa na akili hiyo. Mnazi hauna mzizi mkuu. Una mizizi maelfu, mingi haizidi unene wa kidole, inatoka kwenye kitako kama nywele za kichwa. Hakuna mmoja wa kuutafuta na kuukata. Unazunguka kwa mtaimbo, nusu mita kutoka kwenye shina, unaikata kama unavyokata mkate, kina cha mkono mzima, halafu watu wawili wanalisukuma gogo huku na huku. Mmoja ulitoka kabla ya adhuhuri.

Wa pili tuliuacha siku tatu bila kuugusa, na hakukuwa na shida ya ufundi. Chini yake ndipo kilipozikwa kitovu cha dada yangu. Mama hakusema usiondolewe. Alisema tu, "Huo wa dada yako," akaendelea kupeta mchele. Dada akapigiwa simu Tanga, akacheka, akasema kitovu chake kilikwisha kuwa nazi na nazi zimekwisha kuliwa, ng'oeni. Mama akashika kichwa, lakini akaenda kuchagua nazi moja yenye chipukizi kutoka kwenye lundo, akaichimbia hatua nne kutoka pale.

Kuna walioniambia niviache visiki vya minazi vioze, kwani havichipui. Kweli havichipui. Lakini kisiki cha mnazi kinachooza ni nyumba ya uzazi ya chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Anataga ndani ya mnazi uliooza, viluwiluwi vyake vyeupe, vinene kama kidole gumba, vinajikunja humo miezi kadhaa, halafu mdudu mzima anapanda kutoboa kilele cha mnazi ulio hai. Ukiona makuti yamekatwakatwa kama kwa mkasi, ni yeye huyo. Kwa kisiwa kinachoishi kwa nazi, maelfu ya vigogo vilivyolazwa na upepo ni karamu aliyoandaliwa. Mwaka uliofuata nilipita kwa jirani aliyeacha chake, nikakichokonoa kwa mtaimbo: nilihesabu viluwiluwi kumi na tisa kabla ya kuacha. Vyetu tulivipasua, tukavikausha na kuvichoma vyote mpaka majivu.

Kuchoma kulinipa kiburi, na kiburi kikanipeleka kwa mvinje. Mvinje ni mkaa mzuri, kila mpishi anajua, nikaona kisiki chake kilichokatikia chini nikiwekee moto kijimalize. Tulikausha mwezi mzima, nikachimba pembeni hewa ipite, nikawasha. Siku ya kwanza kiliwaka vizuri. Siku ya pili moto ukashuka chini, juu hakuna moshi, nikasema kimeisha, nikamwaga ndoo mbili za maji nikalala. Siku ya nne, alfajiri, mke wa jirani aligonga mlango kwa mateke. Moto ulikuwa umesafiri ndani ya mzizi uliokauka, chini ya ardhi, chini ya uzio, ukatokea hatua tatu kutoka kwenye jiko lake la makuti. Ardhi ilikuwa inafuka. Ukikanyaga unasikia joto kwenye nyayo.

"Shemeji, unataka kutuchoma?" Aliuliza kwa sauti ya chini sana, na ile ya chini ndiyo iliyoniuma.

Tulichimba mfereji baina ya kisiki na jiko, tukaukata mzizi, tukamwaga maji mpaka shimo likaacha kuchemka. Ningeanza na mfereji ule kabla ya kuwasha, kuizunguka yote mizizi inayoelekea kwenye nyumba za watu, ningelala. Na ningeangalia kwa siku kumi, si mbili. Uzio wa jirani nilikuwa nimekwisha kuutengeneza, nikautengeneza tena.

Kufukia mashimo nilidhani ni kazi ya jioni moja. Mchanga tuliouosha ulikuwa umesambaa uani, kiasi kingine kimeondoka na maji, na shimo la mwembe lilimeza mikokoteni kumi na minne ya udongo niliyonunua. Fukia kidogo kidogo, shubiri moja, mwagia maji, shindilia kwa gogo, tena. Mimi nilishindilia hadi katikati, nikachoka, iliyobaki nikatupia tu. Vuli ilipofika pale pakashuka kina cha bakuli, maji yakatuama, mbu wakafurahi. Mama alipanda migomba mitatu, na migomba ilipenda kuliko sisi.

Nahodha alikataa fedha. Aliomba kisiki chenyewe. Alikuja na fundi wa mashua, mzee mwenzake, wakakigeuza geuza pale kilipolala, wakizipima kwa macho zile sehemu ambapo mzizi mnene unapinda kuingia kwenye shina. Mbao iliyojipinda yenyewe ikiota haina mfano kwa mataruma, zile mbavu za chombo, kwa sababu nyuzi zake zinafuata kona na hazikatiki. Walipata manne mazuri na moja la kubishania. Vumbi la msumeno wao lilinukia embe.

Walipokuwa wanakwangua udongo wa mwisho uliokwama kwenye mapaja ya mizizi, jembe langu likatoka, mpini umevunjika vipande viwili. Ndala moja ikatoka nayo, imebanwa bapa kama chapati. Mpwa wangu akaichukua, akaiosha pampuni, akaivaa mguu mmoja siku nzima. Ya pili haijaonekana.